Neno moja mahakamani: kisa cha Simon Singh na sheria ya kashfa ya Uingereza

Tarehe 19 Aprili 2008 gazeti la The Guardian la London lilichapa, kwenye kurasa zake za maoni, makala fupi ya mwandishi wa sayansi Simon Singh. Ilikuwa wiki ambayo wataalamu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kukanda na kunyoosha pingili za uti wa mgongo kwa mikono, walikuwa wakiitangaza kazi yao kwa umma. Singh aliona huo ndio wakati wa kuwaeleza wasomaji mambo wanayopaswa kuyajua kabla hawajalala kwenye kitanda cha mtabibu huyo. Makala yenyewe unaimaliza kwa dakika chache. Ugomvi uliozaliwa nayo ulichukua miaka miwili kasoro siku nne.

Nimeichagua kesi hii kwa sababu haikufika hatua ya kusikilizwa ushahidi. Hakuna daktari aliyeapishwa, wala mzazi aliyeulizwa mtoto wake alipona au hakupona. Muda wote kilichobishaniwa ni maana ya maneno machache. Hata hivyo ubishi huo ulikula takribani pauni 200,000, ukamnyang'anya mwandishi miaka miwili ya kazi, na mwisho ukawa mojawapo ya sababu kubwa za Bunge la Uingereza kuiandika upya sheria ya kashfa, yaani sheria inayomruhusu mtu kumshtaki aliyemchafulia jina. Wanaojadili sheria hii hupenda kuzungumzia hukumu na fidia. Kisa cha Singh kinaonyesha kwamba maumivu yenyewe yako njiani, kabla hukumu haijaonekana hata kwa mbali.

Alichokiandika

Singh si mtu wa kubahatisha. Ni mwanafizikia mwenye shahada ya uzamivu kutoka Cambridge, na wakati huo alikuwa ametoka kuandika kitabu kuhusu tiba mbadala akishirikiana na Edzard Ernst, profesa aliyewahi kujifunza mbinu za kairopraktiki na kuzitumia kwa wagonjwa wake kabla hajaanza kuzipima kisayansi. Makala ilianza na historia: jinsi Daniel David Palmer, mwaka 1895 huko Iowa, Marekani, alivyoianzisha tiba hii akiamini kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili za mgongo zilizohama mahali pake. Kisha ikafika kwenye chama kikubwa cha watabibu hao nchini Uingereza, British Chiropractic Association, ambacho nitakiita BCA.

Singh aliandika kwamba BCA inadai wanachama wake wanaweza kusaidia kutibu watoto wenye msokoto wa tumbo, matatizo ya kulala na kunyonya, maambukizi ya sikio yanayojirudia, pumu, na kulia kusikokoma, ingawa hakuna hata chembe ya ushahidi. Akaongeza kwamba chama hiki ndicho sura ya heshima ya taaluma hiyo, na bado kinatangaza kwa furaha matibabu aliyoyaita "bogus". Aya iliyofuata ilitoa sababu: Ernst alikuwa amepitia majaribio 70 yaliyopima kairopraktiki kwa maradhi yasiyohusiana na mgongo, na hakukuta ushahidi kwamba inayatibu.

Kila kilichofuata kilining'inia kwenye neno hilo "bogus". Kiswahili kinalipa tafsiri zaidi ya moja, na kwa hiyo sisi tunaweza kuuona ubishi wote kwa macho yetu. Tukisema dawa ni feki, tunaizungumzia dawa: si kile kinachodaiwa kuwa. Muuzaji huenda naye kauziwa, hajui, anaiuza kwa nia njema kabisa. Tukisema ni dawa ya kitapeli, hapo tumemshika muuzaji mwenyewe, kwa maana hakuna anayetapeli bila kujua. Neno la Kiingereza linasimama katikati ya hayo mawili. Singh alisema kwamba hakukusudia kukiita chama hicho kidanganyifu. Alikuwa akisema kwamba matibabu hayana kitu ndani yake. BCA ikasema msomaji yeyote ataelewa kwamba imeitwa tapeli.

Sheria ya kashfa ya Uingereza haimuulizi mwandishi alikusudia nini. Inamtafuta msomaji wa kawaida mwenye busara, inamkadiria angeelewa nini, kisha inachagua maana moja tu. Maneno yenye maana tatu kwa watu watatu yanaingia mahakamani yakiwa na zote tatu na kutoka yakiwa na maana moja, na mwandishi anatetea hiyo hiyo, apende asipende.

Aliyeshtakiwa na asiyeshtakiwa

The Guardian lilijitolea kuwapa BCA nafasi kwenye kurasa zake wajibu hoja. BCA waliikataa, wakafungua kesi, tena dhidi ya Singh peke yake. Gazeti lililochapa na kusambaza maneno yale halikuguswa.

Hapa nadhani ndipo penye funzo la kwanza la kisa, na majaji wa rufani waliliona vilevile baadaye. Mtu anayelinda jina lake kwa kawaida huanza na chombo kilicholichafua, na hukubali kwa haraka nafasi ya kujieleza mbele ya wasomaji walewale. Anayempita mwenye gazeti akamkamata mwandishi mmoja mmoja anatuma ujumbe kwa waandishi wengine wote. Sitaki kudai kwamba najua kilichokuwa moyoni mwa viongozi wa BCA. Wao walisisitiza kwamba wameitwa waongo na kwamba chama cha wataalamu hakiwezi kulinyamazia jambo hilo. Ni hoja inayostahili kusikilizwa. Lakini hatua waliyochagua ilikuwa na athari yake, hata kama nia ilikuwa safi.

Kwa sheria ya wakati ule, mdai katika kesi ya kashfa hakuhitaji kuthibitisha kwamba maneno ni ya uongo. Yalichukuliwa kuwa ya uongo hadi mdaiwa athibitishe ukweli wake. Wala hakuhitaji kuonyesha kwamba ameumia. Mdaiwa alikuwa na njia chache za kujiokoa. Ya kwanza ni kuthibitisha ukweli. Ya pili ni kuonyesha kwamba alichosema ni maoni ya haki juu ya jambo lenye maslahi ya umma. Ya tatu ilitokana na kesi ya Albert Reynolds, aliyekuwa waziri mkuu wa Ireland, iliyoamuliwa mwaka 1999 na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo: uandishi wa kuwajibika kuhusu jambo la maslahi ya umma ungeweza kulindwa hata kama ukweli haukuthibitishwa. Hiyo ya tatu ilikuja na orodha ya vigezo kumi, na ingawa majaji wa juu walionya kwamba si mtihani wa kufaulu swali kwa swali, ndivyo ilivyotumika mara nyingi. Magazeti makubwa yenye mawakili wa kudumu yaliweza kuibeba. Kwa mtu mmoja ilikuwa ghali na yenye mashaka.

Singh alitegemea njia ya maoni. Na kabla ya yote mahakama ilipaswa kuamua maneno yake yalimaanisha nini, na kama yalikuwa maoni au dai la ukweli.

Mei 2009

Tarehe 7 Mei 2009 Jaji Eady wa Mahakama Kuu alitoa uamuzi wake wa awali. Aliona kwamba makala ilimaanisha BCA inadai tiba hiyo inafaa kwa watoto hao huku ikijua kuwa hakuna ushahidi wowote, na kwamba inatangaza kwa kujua matibabu ya bandia. Kwa maneno mengine, kukosa uaminifu. Akaongeza kwamba haya ni madai ya ukweli, kwa kuwa yanaweza kuthibitishwa, na kwa hiyo utetezi wa maoni hauna nafasi.

Pima uzito wa uamuzi huo kwa mdaiwa. Singh aliandika kuhusu ushahidi wa kisayansi, jambo analolimudu. Sasa akaambiwa kwamba ili ashinde lazima athibitishe kilichokuwa vichwani mwa viongozi wa chama: kwamba walijua na bado wakatangaza. Hakuwahi kukidai, na hakuamini hivyo. Alikuwa ametakiwa kuthibitisha jambo ambalo yeye mwenyewe asingelisema.

Wengi hapo wangetafuta suluhu. Unaomba radhi, unalipa unachoweza, unarudi kazini, na hakuna atakayekulaumu. Singh aliamua kukata rufani, ingawa kushindwa kungemgharimu zaidi kwa kila hatua, kwani Uingereza anayeshindwa hulipa na gharama za mwenzake. Ombi lake la kwanza la ruhusa ya kukata rufani lilikataliwa kwenye karatasi. Aliipata mwezi Oktoba baada ya kusikilizwa ana kwa ana.

Huko nje, mambo yalikwenda kinyume na matarajio ya mdai. Mwezi Juni shirika la Sense About Science lilianzisha kampeni ya kutaka sheria ya kashfa iondolewe kwenye mijadala ya sayansi. Tarehe 29 Julai majarida na waandishi wa mtandaoni katika nchi mbalimbali waliichapa upya makala ya Singh siku moja, wakiwa wameondoa yale maneno machache yaliyobishaniwa. Makala ambayo huenda ingesahaulika ndani ya wiki sasa ilisomwa na watu wengi mno. BCA nao, katikati ya mwezi Juni, walitoa hadharani orodha ya tafiti 29 wakisema ndizo zinazowaunga mkono. Waandishi wa mtandaoni wenye ujuzi wa takwimu za tiba wakazichambua moja baada ya nyingine kwa muda mfupi. Baadhi hazikuhusu kabisa kupima tiba ya kairopraktiki, nyingine zilikuwa ndogo au dhaifu. Malalamiko kwa mamia yakapelekwa kwenye baraza linalosimamia watabibu hao, kuhusu madai yaliyokuwa kwenye matangazo yao.

Nasimama kidogo kwenye orodha ile ya tafiti, maana ndiyo iliyoonyesha jinsi mambo yalivyopaswa kwenda tangu siku ya kwanza. Mmoja anasema hakuna ushahidi. Mwingine anauweka mezani. Wanaojua kusoma tafiti wanausoma mbele ya watu. Yote hayo yalifanyika kwa siku chache, bila jaji, bila ada ya mahakama. Nafasi ya kufanya hivyo ilikuwepo tangu The Guardian lilipofungua kurasa zake mwaka 2008. Mzazi mwenye kichanga kinacholia usiku kucha, ambaye ndiye hasa mwenye maslahi katika jambo hili, angekuwa amepata jibu mwaka mzima kabla.

Hukumu ya rufani

Rufani ilisikilizwa Februari 2010 mbele ya majaji watatu wazito kuliko ilivyo kawaida kwa suala la awali: Lord Judge, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Uingereza na Wales, Lord Neuberger, mkuu wa upande wa madai wa Mahakama ya Rufani, na Jaji Sedley. Muundo wa jopo peke yake ulionyesha kwamba mahakama inajua uzito wa jambo. Hukumu ilitoka tarehe 1 Aprili.

Walianza na lile la kushtakiwa kwa mwandishi peke yake. Walisema kwamba kwa kumshtaki Dkt. Singh na kuliacha gazeti, na kwa kukataa nafasi ya kujibu, kumejengeka picha isiyopendeza kwamba hili ni jaribio la kumnyamazisha mkosoaji. Wakasema pia kwamba karibu ni hakika kesi hii imeupoza mjadala wa hadhara ambao ungewasaidia wagonjwa kuamua wakiwa na taarifa. Mahakama haikuombwa iseme hayo, na kisheria hayakuamua chochote. Kwangu mimi ndiyo maneno muhimu kupita yote katika hukumu, kwa sababu yalimweka ndani ya chumba cha mahakama mtu ambaye hakuwa na wakili mle: mgonjwa.

Kisha wakaingia kwenye neno "ushahidi". Jaji Eady alikuwa ameona kwamba kuwepo au kutokuwepo kwa ushahidi ni jambo la kuhakiki, na hivyo ni dai la ukweli. Majaji wa rufani walieleza kwa nini sivyo. Kwa mtu anayeshika maneno yalivyo, mtoto aliyekandwa mgongo leo akaacha kulia kesho ni ushahidi kwamba kukandwa kunasaidia. Kwa mtu anayetafuta kanuni ya kuaminika kuhusu chanzo na matokeo, tukio hilo halina thamani kama ushahidi, sawa na kinyume chake kisivyokuwa na thamani. Msokoto wa tumbo wa vichanga huisha wenyewe wakikua. Ukikanda au usipokanda, siku moja kilio kitakoma. Kwa hiyo aliyeandika kwamba hakuna hata chembe ya ushahidi alikuwa akisema hakuna ushahidi wenye thamani, na kupima thamani ni kutoa maoni. Maoni hayo yaweza kuwa na makosa. Lakini yanajibiwa kwa hoja.

Waliendelea kusema kwamba kumruhusu aliyekosolewa amlazimishe mwandishi athibitishe mahakamani kile alichokitoa kama hoja ni kuialika mahakama igeuke wizara ya ukweli. Wakamnukuu jaji wa Marekani, Easterbrook, aliyewahi kuandika kwamba mabishano ya kisayansi yamalizwe kwa njia za kisayansi, si kwa njia za kesi. Wakakumbusha jinsi mshairi Milton alivyosimulia, katika karne ya 17, kumtembelea Galileo akiwa mzee na mfungwa kwa sababu ya fikra zake kuhusu nyota, wakasema hapo si mahali pa kurudi.

Pendekezo lao jingine lilipita bila kelele nyingi lakini liliacha alama: jina "maoni ya haki" lina upotofu, kwa kuwa maoni hayahitaji kuwa ya haki ili yalindwe. Walipendelea yaitwe maoni ya dhati. Mwandishi alindwe akiwa anaamini anachosema na ana msingi wa kukisema, hata kama ukali wake unawaudhi wengine.

Siku ya hukumu Singh alisema ni ajabu kwamba imegharimu pauni 200,000 kupata maana ya maneno machache. Alikuwa ameshinda, na bado kulikuwa na kesi nzima mbele yake. Wiki mbili baadaye, tarehe 15 Aprili 2010, BCA wakaiondoa kesi. Hata mshindi wa kesi ya kashfa Uingereza harudishiwi kila alichotumia. Muda haurudishwi kabisa.

Hakuwa peke yake

Kama kisa hiki kingekuwa kimoja, Bunge lisingetikisika. Wakati uleule The Guardian lilikuwa limetoka kwenye kesi ya Matthias Rath, mfanyabiashara wa vitamini aliyekuwa akiitangaza bidhaa yake Afrika Kusini dhidi ya UKIMWI. Aliishitaki kampuni ya gazeti pamoja na mwandishi wake, daktari Ben Goldacre, akaiondoa kesi Septemba 2008 baada ya gharama kufika takribani pauni nusu milioni. Daktari wa moyo Peter Wilmshurst alishtakiwa London na kampuni ya Kimarekani, NMT Medical, kwa maneno aliyoyasema kwenye mkutano wa madaktari Marekani na kuandikwa kwenye tovuti ya huko huko. Kesi yake haikuamuliwa. Ilikufa mwaka 2011 pale kampuni yenyewe ilipofunga biashara. Marekani ilichukia vya kutosha hivi kwamba Agosti 2010 ilipitisha sheria ya shirikisho ya kukataa kutekeleza hukumu za kashfa za nje zisizolinda uhuru wa kusema kwa kiwango cha kwao.

Mashirika matatu, English PEN, Index on Censorship na Sense About Science, yaliunganisha nguvu mwishoni mwa 2009 kudai sheria mpya. Lord Lester, mjumbe wa Baraza la Malodi, alipeleka muswada wake binafsi Mei 2010, serikali ikatoa rasimu mwaka uliofuata, na Sheria ya Kashfa ya mwaka 2013 ikapata idhini ya kifalme tarehe 25 Aprili. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2014.

Kuirudisha kesi chini ya sheria mpya

Ukitaka kuipima sheria hii, mshtaki Singh tena leo, kwa maneno yaleyale, uone.

Kifungu cha 1 kinamtaka mdai aonyeshe kwamba jina lake limepata au huenda likapata madhara makubwa, na kama ni chombo cha biashara, hasara kubwa ya fedha. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Lachaux ya mwaka 2019, ilithibitisha kwamba madhara hayo yanapimwa kwa yaliyotokea, haitoshi kutazama ukali wa maneno. Hiki ni kizuizi cha kweli, na kimezima kesi nyingi ndogo. Lakini BCA ni chama cha wanataaluma. Kingekuwa na hoja nzuri ya kusema sharti la hasara ya fedha halikihusu kwa kuwa hakifanyi biashara ya faida, na kwamba kuitwa tapeli mbele ya wasomaji wa gazeti la kitaifa ni madhara makubwa kwa chombo kinacholinda heshima ya taaluma. Sioni kama kesi ingekwama hapo.

Kifungu cha 3, cha maoni ya dhati, kingemfaa moja kwa moja. Maneno yawe maoni, yaonyeshe msingi wake kwa ujumla au kwa undani, na mtu mkweli aweze kuwa na maoni hayo kwa ukweli uliokuwepo wakati huo. Ile aya yake ya majaribio 70 ingekaa hapo vizuri. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba kifungu hiki kiliondoa sharti la zamani la maoni kuhusu jambo lenye maslahi ya umma.

Maslahi ya umma yalihamia kifungu cha 4, kilichozika utetezi wa Reynolds kama ulivyokuwa na kuleta maswali mawili: je, maneno yalihusu jambo la maslahi ya umma, na je, mwandishi aliamini, kwa sababu za maana, kwamba kuyachapa ni kwa maslahi ya umma? Mahakama inatakiwa itazame mazingira yote na kuheshimu uamuzi wa mhariri. Hapa Singh angekuwa na ngao ya pili, hata kama jaji angemwamulia kwamba alichosema ni dai la ukweli. Mwaka 2008 ngao hiyo ilikuwa nzito kuibeba; leo ni nyepesi zaidi, ingawa si bure. Katika kesi ya mfanyabiashara Arron Banks dhidi ya mwanahabari Carole Cadwalladr, kifungu hiki kilimlinda mwandishi kwa kipindi cha kwanza cha uchapishaji. Kwa kipindi cha baadaye Mahakama Kuu iliona kinga hiyo imekoma, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaona kwamba katika kipindi hicho maneno yalileta madhara makubwa, ikaagiza fidia ya pauni 35,000 na sehemu ya gharama za upande wa pili. Fidia ni ndogo. Gharama ndizo zilizotisha watu.

Kifungu cha 6 husifiwa sana kwa sababu kinalinda makala za majarida ya kisayansi yanayohakikiwa na wanataaluma, na kilizaliwa kwa sehemu kutokana na kesi hii. Kisingemsaidia Singh hata kidogo. Aliandika gazetini. Mtu anayetafsiri sayansi kwa wasomaji wa kawaida, anayewafikia hasa wazazi, yuko nje ya uzio huo. Vivyo hivyo kifungu cha 9, kinachozuia kesi za wadaiwa wasioishi Uingereza, kisingemwokoa Wilmshurst, kwa kuwa yeye ni mkazi wa Uingereza.

Kifungu cha 8 kilifuta kanuni ya mwaka 1849, iliyotokana na Duke wa Brunswick kumtuma mtumishi akanunue nakala ya gazeti la miaka 17 nyuma ili adai kwamba amekashifiwa upya. Kwa karne ya intaneti kanuni ile ilikuwa hatari, maana kila aliyefungua ukurasa aliwasha kesi mpya. Kuondoka kwake sina la kulaumu.

Mabadiliko yanayonifikirisha zaidi hayana umaarufu. Kifungu cha 11 kiliondoa haki ya moja kwa moja ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, na matokeo yake ni kwamba siku hizi jaji huamua maana ya maneno mapema kabisa, kama desturi. Watetezi wa mageuzi walilitaka hili, na wana sababu: maana ikijulikana mapema, kesi dhaifu hufa mapema. Lakini ni hatua hii hii iliyokaribia kummaliza Singh. Jaji mmoja, siku moja, alichagua maana ambayo mwandishi hakuitamka, na tangu hapo karibu mwaka mzima ukatumika kuirekebisha. Uamuzi wa mapema hupunguza gharama pale tu unapokuwa sahihi; ukikosewa, mwenye fedha kidogo hukubali kosa kwa sababu hawezi kulilipia rufani.

Na kuna upande mwingine ambao wanaharakati huukwepa. Mtu wa kawaida aliyechafuliwa jina kwa uongo na gazeti kubwa naye hana pauni 200,000. Kila kigezo kinachoongezwa kumlinda mwandishi kinaongeza pia hatua ambayo mdai maskini atalazimika kumlipa wakili aivuke. Sheria ya 2013 ilipanga upya utetezi kwa ustadi, lakini bei ya kuingia mlangoni haikuishusha kwa yeyote kati yao.

Jaribio la karibuni la kushughulikia bei hiyo ni Sheria ya Uhalifu wa Kiuchumi na Uwazi wa Makampuni ya mwaka 2023. Kwa mara ya kwanza ilizitaja kesi zinazofunguliwa ili kuzuia watu kusema juu ya mambo ya umma, na kuelekeza ziandikwe kanuni za kuzifuta mapema na kumlinda mdaiwa dhidi ya gharama. Inahusu maneno yanayofichua uhalifu wa kiuchumi peke yake. Muswada mpana zaidi, uliogusa maslahi ya umma kwa jumla, ulikuwa bungeni mwaka 2024 ukafa Bunge lilipovunjwa kwa ajili ya uchaguzi. Makala ya Singh ilihusu vichanga, pumu na uti wa mgongo, kwa hiyo kanuni hizo za mwaka 2023 zisingemgusa.